Siku Mumbua Alipochukua Kombe la Mdahalo

Nimestaafu juzi, na walimu vijana wa Kiingereza walionisindikiza kwa soda na keki wameniomba niandike niliyoyaona kazini. Nafikiri waliniomba kwa adabu tu, wakitumaini nitasahau. Sikusahau. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini, maana la kwanza halimfai mtu na la pili linachekesha. Nitaandika juu ya mdahalo, ile saa ya Ijumaa alasiri ambapo watoto wa wakulima husimama na kutoa kwa Kiingereza maoni wasiyokuwa nayo. Nimeisimamia saa hiyo Kyuso, Mukuyuni na Kikima. Miaka ya mwisho niliyofundisha Kitui mjini naiacha, kwa sababu vijana wa huko walikuwa wamekwisha kujifunza kwa wanasiasa namna ya kusema mengi bila kusema lolote, na mwalimu hakuwa na la kuongeza.

Nilifika Kyuso mwishoni mwa miaka ya sitini, nimetoka chuo cha ualimu na sanduku la bati na viatu vya visigino ambavyo mchanga wa kule ulivimaliza upesi. Shule ilikuwa ya harambee, yenye madarasa mawili, na kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga. Ijumaa ya kwanza mwalimu mkuu aliniambia, "Madam, wewe ni wa Kiingereza, utashika debate." Hakuniambia inashikwaje.

Mada ya siku hiyo ilikuwa kwamba ng'ombe ni bora kuliko mbuzi. Nilifurahi, nikajua watoto wa Kyuso hawawezi kukosa la kusema kuhusu mbuzi. Kijana wa kwanza akasimama, akavuta soksi zake, akaanza: "Mr. Chairman, accurate timekeeper, honest and impartial judges, my worthy opponents, ladies and gentlemen..." Alimsalimu mwenyekiti, mshika saa, waamuzi, wapinzani, walimu, wageni ambao hawakuwapo, kisha akamrudia mwenyekiti asije akajisikia ameachwa. Akatangaza kwamba anasimama imara kuunga mkono. Kengele ikalia, akaketi akipigiwa makofi. Nilingoja hoja hadi mdahalo ukaisha. Watu walisalimiana, basi.

Tulipotoka nje, kijana yule yule aliegemea ukuta akawa anabishana na wenzake kwa Kikamba. Alieleza ukame uliopita ulivyomaliza ng'ombe wa babake wote na mbuzi wakabaki wanakula magome, jinsi mbuzi anavyouzwa mara moja mtoto akiugua, na kwa nini mtu mwenye akili hawezi kuweka mali yake yote kwenye mnyama mmoja mkubwa anayetaka maji kila siku. Nilisimama kando nikasikiliza hoja bora kuliko zote nilizowahi kusikia chuoni. Aliponiona akanyamaza, akasema, "Sorry, Madam," kana kwamba nimemfuma akiiba.

Nikahamishiwa Mukuyuni, na huko ndiko nilikofundwa kazi. Aliyenifunda ni Mwalimu Nzioka, mzee mwembamba wa koti moja la kahawia, aliyekuwa amefundisha Kiingereza tangu enzi za mkoloni na asiyeamini hata neno moja la lugha hiyo. Chombo chake kilikuwa karatasi ya manila aliyoibandika ukutani, imeandikwa kwa wino mwekundu na mweusi misemo ya kutoa maoni. Ukutani paliandikwa Kiingereza tu. Maana yake Nzioka aliitoa kwa mdomo, na kwa walimu wenzake peke yao.

"Sikiza, mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, akionyesha kwa fimbo. "Mtu akisema 'in my humble opinion', jua huyo ni mtu wa kiburi. Akisema 'with all due respect', shika kofia yako, unatukanwa. 'I beg to differ' ni kukataa, lakini kwanza unainama. 'To some extent I agree' maana yake sikubali hata kidogo, lakini wewe ndiye unasaini barua yangu ya likizo."

"Na 'be that as it may'?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya mtu ameshindwa na hataki kukaa chini."

Nilicheka, lakini Nzioka alikuwa hatanii. Aliwafundisha watoto misemo hiyo kama fundi anavyokabidhi shoka, na kila mara aliwaonya wasiitumie nje ya saa ya Ijumaa. Kulikuwa na kijana mmoja, mkali wa darasa, ambaye hakusikia. Naibu wa mwalimu mkuu alimwambia ainame apigwe kwa kuchelewa gwaride, naye akasimama wima akajibu, "With all due respect, sir, I beg to differ." Naibu alimpongeza kwa Kiingereza chake kizuri, kisha akamwongezea viboko. Nzioka alimpaka mafuta ya kondoo mwenyewe, akimwambia kwamba amefaulu mtihani wa mdomo.

Somo nililopata kwake nawaachia ninyi vijana bila malipo. Kabla mtoto hajapewa misemo ya kutoa maoni, muulize kama ana maoni. Mimi nilianza kuuliza, na darasani mwangu Mukuyuni ilitupotezea muda mwingi sana, kwa kuwa watoto walidhani ni mtego.

Kikima nilihamia mwishoni mwa miaka ya sabini. Baridi ya milima ya Mbooni, iliko Kikima, ilinifundisha kuvaa sweta mbili, na mwalimu mkuu wa huko alinifundisha kuuma ulimi. Aliitwa Bwana Mutua. Alikuwa mtu safi, mwenye suruali zenye mstari ulionyooka kuliko fikira zake, na aliupenda mdahalo kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa na mfumo wake wa kutoa alama: kila msemo mzito wa Kiingereza ulikuwa na alama, na hoja zenyewe hazikuwa na kitu. Nilipomwuliza kwa nini, aliniambia, "Madam, hoja kila mtu anayo. Lugha ndiyo tunatafuta."

Katika Kidato cha Pili alikuwapo msichana anayeitwa Mumbua. Alikuwa na sauti ya chini inayosikika mpaka nyuma ya ukumbi, na alisoma kila kitu kilichoandikwa, pamoja na magazeti yaliyofungiwa sukari. Babake, Mzee Kilonzo, alikuwa mkulima wa kahawa na shemasi wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyeyasema yote kwa uzito uleule. Mumbua alikuwa amepewa jina la mamake Kilonzo, na kwa desturi yetu baba alimwita "mwaitu", mama yangu. Alikuwa hatanii nalo. Msichana yule aliposema jambo nyumbani, Kilonzo alilisikiliza kama limetoka kaburini kwa mama yake.

Hili lilikuwa na uzito wake, kwa sababu Kilonzo alikuwa na ndugu wawili waliokuwa wakimsumbua mwaka mzima. Walimwambia kumsomesha msichana ni kunyweshea shamba la jirani. Yeye aliwajibu kila mara kwamba Mumbua mwenyewe anataka, na maadamu anataka, atasoma. Ule ndio uzi pekee uliomshikilia mtoto shuleni.

Ikafika siku ya wazazi. Ofisa mmoja wa elimu angekuwa mgeni wa heshima na angetoa kombe kwa msemaji bora. Bwana Mutua alichagua mada mwenyewe: kwamba elimu ya mtoto wa kike ni hasara. Nilimwambia mada hiyo mbele ya wazazi wa Mbooni ni kumwaga mafuta ya taa karibu na jiko.

"Madam, ni debate tu," akasema. "Na inaleta watu."

Pande ziligawiwa kwa vikaratasi kwenye kofia, kama kawaida. Mumbua akatia mkono, akatoa "kuunga mkono". Alinitazama. Nikamwambia anaweza kukataa. Akasema, "Madam, nikikataa atapewa Mutinda, na Mutinda hawezi kusema 'nevertheless'." Alikuwa na umri huo ambao kushinda ni kutamu kuliko kuwa sawa.

Wazazi wengi hawakuelewa Kiingereza, hivyo Bwana Mutua alimwomba mwinjilisti wa kanisa la sokoni aketi katikati yao atafsiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa mimi mwenyewe sikujua hadi baadaye. Mwinjilisti yule alikuwa mkalimani hodari. Kazi yake ya kila Jumapili ilikuwa kutafsiri wahubiri wageni, sentensi kwa sentensi, hata wakilia alilia nao. Akamtafsiri Mumbua vivyo hivyo.

Mumbua akasimama. Akasalimu kwa ufupi, akaanza kupangilia hoja. "It is my firm conviction," akasema, na mwinjilisti akatoa kwa Kikamba, kwa sauti ya madhabahuni: ninaamini kwa moyo wangu wote. "I declare without fear or favour," na mwinjilisti: ninatangaza mbele yenu bila kuogopa mtu. Kwamba msichana akisoma anapotea. Kwamba nafasi yake ni nyumbani. Kwamba yeye mwenyewe anayesimama hapa ni mfano wa hasara hiyo. Sentensi ile ya mwisho ilikuwa hila nzuri sana ya mdahalo. Ukumbi ulilipuka, Bwana Mutua akaandika alama mpaka kalamu ikateleza, na mgeni wa heshima akampa kombe na mkono wake.

Mzee Kilonzo hakupiga makofi. Pale Kikima mtu hasimami mbele ya watu akatangaza anachoamini kwa moyo wote, halafu akaenda kunywa soda. Kusimama hivyo ni ushuhuda, na mtu akitoa ushuhuda unambana. Ndugu zake walikuwa wameketi upande huu na upande huu wake, na sidhani walihitaji kusema neno.

Jumatatu Mumbua hakuja. Jumanne vilevile. Tukasikia yuko shambani anachuma kahawa, na kombe liko juu ya kabati la vyombo, limepanguswa vizuri.

Nikamvuta Bwana Mutua tukaenda kwao. Kilonzo alitukaribisha kwa heshima zote, tukapewa chai ya maziwa na viazi vitamu, naye akangoja tumalize. Mumbua alikaa karibu na mlango wa jiko, macho mekundu.

"Mzee," Bwana Mutua akaanza, "kuna kutoelewana kidogo. Debate ni mchezo."

"Mchezo kama mpira?"

"Eeh, kama mpira."

"Kwa mpira, mtu husema anaamini na moyo wote?"

Bwana Mutua akanywa chai iliyokuwa imekwisha. "Mzee, yale hayakuwa maneno yake. Ni side alipewa."

"Ni nani alimpa?"

"Tunaandika kwa makaratasi, tunaweka kwa kofia, halafu mtoto anatoa moja."

Kilonzo alifikiri sana. "Kwa hivyo kitu ya kuamini inatoka kwa kofia."

"Kwa debate, ndiyo."

"Na kikombe mlimpa ya nini?"

"Ya kusema vizuri."

"Kusema nini vizuri?"

Sijawahi kumwona mwalimu mkuu akikosa msemo isipokuwa siku hiyo. Ningefurahi zaidi kama msichana asingekuwa analia.

Nikamwambia Kilonzo amwulize Mumbua mwenyewe, hapo hapo. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. "Mwalimu, ameniambia. Jana ameniambia, na juzi. Lakini alisema yale mengine mbele ya watu wa Kikima wote, na ndugu zangu wakasikia. Haya ya jikoni nikiyashika, watasema Kilonzo amebadilishwa na machozi. Mwaitu akitaka kuyarudisha, ayarudishe pale pale aliyasemea. Hapo nitasimama na yeye."

Njiani kurudi nilimwambia Bwana Mutua jambo ni rahisi: aite mkutano, mtoto aseme. Alisimama kabisa katikati ya barabara. Mada iliyopitishwa haifunguliwi tena mwaka huo huo, alisema, hiyo ndiyo kanuni. Na mgeni wa heshima atafikiria nini akisikia tumemkana msemaji wake bora? Nikamwuliza kama anaona afadhali mtoto akose shule kuliko kanuni ikose heshima. Alijibu, "To some extent, Madam." Nilikasirika mpaka nikatembea mbele yake hadi shuleni.

Lakini mlezi wa mdahalo nilikuwa mimi, na kila mdahalo una dakika zake za mwisho ambapo mwenyekiti hufungua ukumbi na mtu yeyote aliyemo anaruhusiwa kusimama aseme. Kanuni haisemi lazima awe mwanafunzi. Nikatuma ujumbe kwa Kilonzo aje Ijumaa na mtoto wake.

Akaja, na akafanya zaidi ya nilivyomwomba. Aliwaleta ndugu zake wawili na mwinjilisti, wote wamevaa nguo za kanisani, wakaketi mbele. Mada ilikuwa kwamba moto ni bora kuliko maji. Wageni walisikiliza ubishi huo kwa uvumilivu wa watu waliozoea mahubiri marefu. Bwana Mutua aliwaona, akanitazama kwa jicho la kuniahidi barua ya onyo.

Mwenyekiti, kijana wa Kidato cha Nne, akafungua ukumbi. Kilonzo akasimama. "Nina neno," akasema kwa Kikamba.

Sasa, shuleni kwetu kulikuwa na kitu kinachoitwa diski, kipande cha mbao chenye kamba. Anayesikika akisema lugha ya mama alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwingine akikosa ampe yeye. Aliyelala nacho Ijumaa alifyeka nyasi Jumamosi. Kiranja wa lugha alikuwa kijana mtiifu kupita kiasi. Aliposikia Kikamba hakuangalia kimetoka kwa nani. Alitembea moja kwa moja hadi mbele na kumvika Mzee Kilonzo diski.

Kilonzo aliinamisha kichwa apate kuvikwa vizuri, akaishika ile mbao, akaitazama, akamwambia kijana, "Asante, mwanangu." Alidhani ni beji ya wageni. Watoto waliuma midomo mpaka machozi yakawatoka, na Bwana Mutua, ambaye angeweza kusema neno moja tu, alitazama dari. Kanuni ilikuwa yake.

"Mtoto wangu ana kitu atasema," Kilonzo akamalizia, akaketi wima na beji yake.

Mumbua alisimama. Aliomba ruhusa kwa mwenyekiti kama tulivyomfundisha, akaanza, "Mr. Chairman, with all due respect to this honourable house, I wish to..." Mwinjilisti akavuta pumzi tayari kutafsiri. Kilonzo aliacha kumtazama binti yake, akageuza uso kumtazama mkalimani, na ndugu zake wakageuka pia.

Mumbua akaona hivyo, akakatiza. Alitoka mahali pake akaenda hadi kwa babake, akamvua diski shingoni kwa mikono miwili, akaivaa mwenyewe. Kisha akasema kwa Kikamba, wala hakupaza sauti:

"Nau, baba yangu, siku ile nilisema nilichopewa. Hiki ni changu. Nataka kusoma. Nilitaka siku ile, na nilikuwa nataka hata wakati nikisema sitaki."

"Na mbona ukasema hutaki?"

"Walikuwa wananipa alama. Hakuna mtu aliniuliza."

Kilonzo akawageukia ndugu zake. "Mmesikia?" Mmoja akaitikia kwa kichwa. Mwingine akasema amesikia, lakini kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru. "Basi," akasema Kilonzo. "Mwaitu amesema."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Mwenyekiti wa mdahalo, maskini, aliangalia huku na huku akitafuta jinsi ya kuendelea, akakohoa, akauliza kwa Kiingereza kama msemaji anaunga mkono moto au maji. Mumbua alimwambia hana maoni.

Waamuzi, kwa haki kabisa, walimpa sufuri. Jumamosi alifyeka nyasi za uwanja mzima kwa kosa la kusema Kikamba, na Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye dawati lake, mikono imejaa malengelenge, anauliza tumefika ukurasa gani.